Mapema Ni Saa Ngapi?

Jumatano usiku, Yamumbi

Eti nina kichwa ngumu. Mimi, niliyeomba kitu kimoja tu: zamu yangu isibadilishwe ghafla. Nilimwambia Kiptoo, bosi wetu, kwamba nina usonji, na saa zikirukaruka navurugika siku nzima, na hesabu za stoo ya mbolea zinavurugika nami.

Akasema tutaketi tuongee. Kikao cha kuzungumzia saa zisizobadilika kikaahirishwa mara tatu!

Jana jioni akaniambia mbele ya wote, "Jelimo, kesho ukuje mapema tumalize hiyo maneno." Nikamuuliza mapema ni saa ngapi.

"Wee dada, mapema ni mapema!" Ofisi nzima ikacheka.

Leo nilifika saa moja. Yeye akaingia saa tano, akitafuna mahindi choma. Masaa manne! Na mgonjwa wa saa ni mimi.

Hata hivyo alikubali: saa mbili hadi saa kumi, kila siku, bila kuguswa. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Halafu sasa hivi simu ikalia. Ujumbe wake: "Kesho ukuje mapema kidogo."

Kidogo! Kodi ya nyumba hii inatoka kwa kazi hiyo, na akinifuta sijui nita...

Nikaandika: "Zamu yangu ni saa mbili. Nitafika saa mbili."

Nikaikodolea simu macho. Kisha akajibu: "Haya, saa mbili. Lakini usichelewe."

Mimi. Nichelewe.