Msamiati wa Kuimbwa

Jumatatu, 3 Februari

Wameanza kabla jua halijatoka. Mjukuu wangu Dah Paw na wenzake wawili wa darasa la kumi wamekaa kwenye ngazi ya nyumba, wanaimba msamiati. Neno la Kiingereza, maana yake kwa Kikareni, lugha yetu, kisha neno linalofuata, yote kwa tuni ya wimbo wa mavuno wa kanisani. Dah Paw sauti ya kwanza, wale wawili ya pili. Hakuna aliyewapangia. Wanafunzi wa hapa kwenye kambi ya wakimbizi ukiwapa orodha ya maneno, kitu cha kwanza ni kutafuta tuni itakayoitosha.

Sisi, kule kwetu ng'ambo ya mto, kabla vita havijatukimbiza, tulipiga kelele tu. Mwalimu alipima bidii kwa ukubwa wa sauti. Akiwa kwake kitandani alijua nani kaamka na nani kalala.

Jirani yangu Saw Kler kapita na tambuu shavuni. Kasema nyumba yangu imekuwa kanisa, imekosa kikapu cha sadaka tu.

Jumatano, 5 Februari

Mambo yamebadilika. Chuo cha hapa kambini — kinachukua wachache — mwaka huu hakitoi mtihani wa kuandika. Ni mahojiano. Mwanafunzi anaonyeshwa picha, anaieleza kwa Kiingereza, basi. Mwalimu wao wa kike, Tharamu Moo Wah, kawatangazia leo asubuhi. Mtihani wa kuandika Dah Paw alijiona kama amekwishaufaulu. Sasa hali chakula vizuri.

Asipopata nafasi, shangazi yake atamtorosha kwenda kibarua kwenye mashamba ya kabichi, nyuma ya mlima. Shangazi si mtu mbaya. Anasema msichana mkubwa hawezi kukaa anakula mgao na kuimba. Lakini wasichana waliokwenda kabichi nawajua kwa majina, na hakuna aliyerudi kusoma.

Jumamosi, 8 Februari

Tumebadilisha majani ya paa. Dah Paw juu, mimi chini nampitishia. Nikamuuliza paa linaitwaje kwa Kiingereza. Kisha nikasikia wimbo wa puani. Alikuwa anaanza mwanzo kabisa! Alipofika ubeti wa pili neno likatoka, safi, matamshi mazuri kuliko yangu. Nikamuuliza la ngazi. Akarudi mwanzo tena.

Nikamwambia kwa mwendo huo wasaili watakuwa wamekunywa chai na kuondoka. Hakucheka.

"Yote yamo, Babu," akasema kutoka juu. "Ila yamefungana. Nikivuta moja yanakuja yote."

Akaendelea kufunga majani. Kafunga vizuri.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani tumeimba ule wimbo wa mavuno. Nilikaa karibu na vijana. Nusu waliimba maneno ya kitabu, nusu waliimba msamiati. Mchungaji hakugundua, au kajifanya. Sauti zote nne zilikaa mahali pake.

Alhamisi, 13 Februari

Leo nimemuuliza neno la plau. Kapita wimboni, kalipata, kanipa na la Kikareni. Nikamuuliza plau ni kitu gani. Cha shambani. Kinafanya nini? Akafikiri. Kinakata mpunga?

Amezaliwa hapa. Hapa hakuna shamba la mpunga, na hakuna anayeruhusiwa kutoka kwenda kulitazama. Nilidhani anabeba neno geni na maana yake. Kumbe anabeba maneno mageni mawili.

Nikachonga plau ndogo ya mianzi. Akaigeuzageuza, akauliza nyati anakaa upande gani. Saw Kler, aliyekuwa amekuja kuomba chokaa ya tambuu, kacheka mpaka kakohoa. "Thara, mjukuu wako kampandisha nyati juu ya plau!" Bado ananiita mwalimu, ingawa sijashika chaki miaka mingi.

Nikawaeleza wote wawili: nyati mbele, mtu nyuma, miguu kwenye tope. Nilipofika kwenye mshikio nikakwama. Ule wa baba yangu ulikuwa wa mti gani? Jina la mti ninalo. Rangi ya mti wenyewe sina. Nikaendelea kueleza kana kwamba ninayo.

Jumatatu, 17 Februari

Tharamu Moo Wah kaja, kakaa kwenye mkeka, kakataa chai, halafu kanywa. Nilimwambia labda waiache orodha, wazungumze tu mambo wanayoyaona. Kanisikiliza kwa heshima yote. Kisha kaniuliza, kwa sauti ya chini maana Dah Paw alikuwa jikoni, nikimnyang'anya wimbo siku hizi za mwisho atabaki na nini mkononi.

Nikamwongezea chai. Yeye mwenyewe alijifunza kwa wimbo, na leo ni mwalimu.

Kabla hajaondoka tulimsikia Dah Paw huko jikoni, kwenye mtungi wa samaki wa kuvundikwa, akisema peke yake kwa Kiingereza. Huyu ni samaki. Ameoza. Ni mzuri. Babu anamtaka kila siku. Maneno madogo ya miaka ya kwanza shuleni, yale ambayo hakuna aliyejisumbua kuyatia kwenye tuni. Tharamu kacheka akafunika mdomo. Kasema kwa hayo hawampi mtu nafasi.

Jumatano, 19 Februari

Hakuimba leo. Wenzake walikuja, wakakaa ngazini, wakaondoka. Shangazi kaleta mkoba mpya wa kusafiria, kautundika ukutani, hakusema ni wa nini. Dah Paw kautoa, kautia nyuma ya ndoo.

Alhamisi, 20 Februari

Naandika hapa shuleni, nje ya chumba cha mahojiano, kwenye benchi. Ukuta ni wa mianzi. Kila kitu kinasikika. Wanafunzi wamepanga foleni kivulini. Ndani yumo mama mmoja wa kigeni mwenye miwani, na Tharamu Moo Wah pembeni yake.

Dah Paw kaingia sasa hivi. Kasalimia vizuri. Kaonyeshwa picha. Naiona kwa upenyo: kituo cha treni, watu wengi, mizigo.

Kaisogeza picha karibu.

Kaanza wimbo wa puani.

Basi, foleni nzima ikaushika. Hawakukusudia, nimewatazama nyuso. Wakareni wakisikia tuni kila mmoja anakwenda kwenye sauti yake. Wasichana sauti ya pili, wavulana wakashuka chini, na kijana mmoja mrefu akafumba macho kabisa. Wimbo wa mavuno ulijaa uwanja. Tharamu katoka mlangoni, kawakazia macho, ukakatika katikati ya mstari. Hata ndani umekatika.

Yule mama kamwambia Dah Paw asiogope, aseme anachokiona tu. Kasema polepole, kama anaongea na mgonjwa.

Nilijua jambo moja: treni imo ubeti wa tano, mizigo wa sita, na sasa hana njia ya kufika huko.

Kisha sauti yake. Maneno madogo.

"Watu wanaondoka. Wana vitu vingi. Wana watoto."

Nikadhani kamaliza.

"Hawakimbii," kasema. "Mmoja anakula. Hakuna anayetazama nyuma."

Kiti kimelia ndani. Foleni yote imegeuka kuutazama ukuta. Tharamu hajaandika kitu. Kashika kalamu hewani, namwona. Yule mama kavua miwani. Kauliza, safari hii kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini alidhani watakuwa wanakimbia.

Dah Paw anavuta pumzi. Haimbi. Anatafuta.