Ouma, Mikono Imeanza Kusogea

Ouma, omera, ndugu yangu,

Picha imetokea! Acha nikuambie hilo kwanza, salamu zitafuata. Nimekaa nalo tangu Jumapili iliyopita, na hapa shuleni hakuna wa kuuelewa uzito wake kama wewe. Skrini iliyotutesa mwaka mzima, iliyokuwa inatuonyesha mistari ya zambarau tu, sasa inatoa picha safi, kona hadi kona. Na aliyeifanya ni mimi Chacha, seremala wa Ntimaru. Cheka ukitaka.

Sasa salamu. Shemeji na watoto ni wazima huko Rongo. Kaburi lako limewekwa saruji. Binti yako Atieno ameng'oka meno ya mbele na anaringa na pengo.

Mimi bado nina hasira kidogo. Malaria ya siku sita, Ouma? Nilienda nyumbani kuona ng'ombe wa baba, nikarudi nikakuta kitanda chako kimekunjwa godoro. Sikuwahi hata... Basi. Sikuja kwa hilo leo.

Tangu uondoke, darasa la wadogo lilinyamaza. Najua watoto wasiosikia wanaitwa wanyamavu na watu wa nje, lakini wewe na mimi tunajua kelele ya mikono yao. Hiyo ndiyo iliyopungua. Hapa ni wewe peke yako uliyeongea kwa mikono bila kutafuta maneno. Sisi wengine tunajua "kaa", "kula", "acha". Watoto wakachoka na sisi, wakaanza kupigana.

Halafu Madam mkuu wa shule akasema ile laptop uliyoachiwa na mgeni iende ofisini ikaandike barua, kwa vile maandishi inatoa vizuri. Nikamwomba aniachie hadi mwisho wa muhula, kwa ajili ya michoro yako ya ishara iliyomo ndani. Akaniuliza, "Chacha, kwani wewe unajua nini na kompyuta?" Hakuuliza kwa ubaya.

Na kweli nilijua nini? Yale niliyookota nikikaa kando yako baada ya saa kumi, nikikungoja umalize tushuke Oyugis kunywa chai. Kikuria chako kibovu, Kijaluo changu kibovu zaidi, kwa hivyo hata ule mfumo wako wa kompyuta, Linux, ulinifundisha kwa Kiswahili. Uliniambia, "Kadi ya picha ni fundi mchoraji amekaa humo ndani. Draiva ni mkalimani wake. Bila mkalimani, fundi yupo, rangi zipo, lakini haelewi anatumwa nini." Nilielewa mara moja. Mimi nafundisha useremala kwa watoto wasionisikia.

Basi Jumamosi ile nilienda posta, nikakuta kifurushi chenye stempu za nje. Jina lako juu. Nilisimama hapo kaunta hadi aliye nyuma yangu akanisukuma. Sikuthubutu kufungua. Nilienda nacho hadi Rongo, nikampa shemeji, ndiyo kwanza ametoka kanisani. Akakipapasa, akanirudishia. "Fungua wewe, shemeji. Lakini usiiwashe mashine leo. Unajua Ouma alivyoishika Sabato." Nikamwambia najua.

Ndani kulikuwa na sidii mpya na barua ya yule mtu uliyemwandikia, uliyeona jina lake kwenye maelezo ya Linux. Hajui kwamba umekufa. Anasema sidii hii ina draiva za kadi nyingi ambazo ile yetu ya zamani haikuwa nazo. Tena anasema: usiamini jina lililoandikwa kwenye katoni ya laptop, iulize kadi yenyewe. Akaandika amri ya kuiulizia.

Jumapili baada ya misa nikajifungia karakana. Nikaandika ile amri, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Kadi ikajibu. Ouma, jina lililotoka si lile la katoni! Miezi yote ile tulikuwa tunaiita kwa jina la mwingine, tunaipa mkalimani wa lugha ya jirani. Nikapiga kelele, "Omera, ulikosea!" na nikageukia stuli yako nikuone utajiteteaje.

Ilinichukua muda kugeuka tena.

Nikaweka draiva mpya, nikifuata daftari lako. Mara ya kwanza skrini ikawa nyeupe, weupe unasambaa polepole kama maziwa yaliyomwagika mezani. Nikabonyeza vile vitufe vitatu vya kukatiza ulivyonionyesha, maandishi yakarudi. Kosa lilikuwa la kipimo. Niliandika 1024 na skrini yenyewe ni 800. Hilo nalijua bila kusoma kompyuta: nilikuwa nalazimisha mlango mkubwa kwenye fremu ndogo. Nikasahihisha, 800 kwa 600, nikaandika startx, amri ya kuita picha.

Giza. Kitu kikalia ndani. Giza tena. Halafu kijivujivu kikajaa skrini yote, na katikati kimsalaba cheusi kidogo. Nikagusa kipanya, kimsalaba kikasogea.

Nikafungua michoro yako, ile uliyoipima kwenye mkono wako ukaiingiza kwa namba tu, bila kuiona. Mkono ukafunguka. Ukajifunga. Ukapanda hadi kidevuni, ukashuka. Nakumbuka ulivyokataa tubandike chati ukutani: "Kwenye karatasi mkono umesimama, Chacha, na neno lote liko kwenye kusogea." Sasa unasogea! Tena ni mkono wako mwenyewe, nimekujua kwa kidole cha mwisho kilichopinda, hukukinyoosha hata kwenye mchoro. Nililia, sikufichi, lakini nililia kama mtu aliyeshinda mechi.

Jumatatu watoto wakaingia. Unamkumbuka Boke? Yule msichana wa kwetu, aliyeletwa Januari bila ishara hata moja, anavuta tu watu nguo. Alipoona ng'ombe na mikono inayofanya pembe, akatazama mara tatu. Akaweka mikono yake kichwani. Kisha akanivuta mkono hadi nje, hadi kwa ng'ombe wa mlinzi, akamwonyesha, akafanya pembe, akanitazama kama ananiuliza: ni huyu? Nikaitikia kwa kichwa hadi shingo ikauma. Aliruka, Ouma! Siku ile alitaka jina la kila kitu.

Madam alikuja kuangalia kelele za madawati. Akasimama nyuma, na baada ya muda nikaona vidole vyake vinaiga bila yeye kujua. Akaniambia tu, "Barua za ofisi tutaendelea kuandika kwa taipureta."

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Mama yake Boke alifika kutoka Ntimaru, akakaa kwenye benchi ameshika mkoba, amezoea kutazamana tu na mtoto. Boke akamvuta hadi mbele ya skrini, akabonyeza. Mkono wako ukafanya ishara. Boke akamgeukia mama yake, akaifanya.

Mama akaniuliza kwa Kikuria, "Anataka nini?"

Nikamwambia, "Hataki kitu. Anakuita. Anasema mama."

Aliuweka mkoba chini. Halafu akaniomba irudiwe, taratibu, na aonyeshwe ya kumjibu. Walikaa pale hadi kengele ya chakula, na hata ilipolia hakuna aliyeinuka.

Nimemwandikia yule mtu wa ng'ambo. Nimemweleza ulivyoondoka na kilichotokea. Hukumaliza michoro yote. Nitaichora iliyobaki, naapa, na mikono nitakayoiga itakuwa ya watoto wenyewe. Boke ameshasema wake uwe wa kwanza. Tunaanza Jumatatu na nyundo, msumeno na randa, maana vifaa vya karakana hukuchora hata kimoja, na hilo nitakudai siku tukionana.

Pumzika, ndugu yangu. Zamu hii ni yangu.

Chacha