Niazime Hapana Yako

Laurel, Maryland
Kumi la mwisho la Ramadhani

Kwa kaka yangu Sefu,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Neno lolote lililomo humu lisitoke mdomoni mwako, hata kwa wifi, hata kwa mama. Kwa mama hasa. Anayekuletea barua hii ni mama mmoja wa hapa Laurel anayekuja kula Idi nyumbani. Yeye anadhani ndani mna picha. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Sasa shikamoo, kaka. Natumaini saumu haijawachosha, na presha ya mama imetulia tangu abadilishiwe dawa. Mvua je, zimefika Korogwe? Na darasa lako limeshaezekwa, au bado unafundishia barazani? Mimi mwili wangu ni mzima. Kazi naendelea nayo, naingiza madai ya bima ya wagonjwa kwenye kompyuta, na mpaka leo bosi hajanirudishia hata moja kwa kosa. Lakini kibali changu cha kufanya kazi kinaisha mwanzoni mwa mwaka ujao, na ofisi imesema haiwezi kunisaidia kupata kingine. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Shangazi Zuhura amenitafutia mchumba. Anaitwa Hashim, mtu wa Mombasa, dereva wa basi la shule huko Columbia, na amekwisha kuwa raia wa hapa. Mkewe alifariki. Umri wake unakaribia ule aliokuwa nao baba. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Huja kufuturu kwetu na hasahau tende. Ila kila mwaka yeye na rafiki zake huenda Las Vegas, ule mji wa jangwani wa kamari, na shangazi ameona safari ya mwaka huu itufae sote. Baada ya Idi twende watatu, mimi na Hashim tufungishwe ndoa huko huko.

"Ndoa ya huko ni kama kukata tiketi ya basi," shangazi alisema juzi tukifuturu, uji bado uko mdomoni. "Makaratasi yakishapatikana, nikahi ya kwetu tutaifanya baadaye. Sefu nitampigia nimwarifu."

Hashim akanigeukia. "Mimi kamari sichezi, bibie. Naenda kutazama tu watu wakiliwa."

"Kutazama!" Shangazi akaweka kikombe chini. "Mwaka juzi ulitazama mpaka ukarudi bila saa ya mkononi."

"Saa yenyewe ilikuwa yanibana."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nilicheka, kaka. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba nilicheka nao.

Hakuna aliyeniuliza. Nimepewa tu kazi ya kupanga safari, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kompyuta. Basi wenzangu wakienda kula mchana, mimi niliyefunga hubaki mezani nikitafuta ndege za kutoka Baltimore. Hoteli aliyoichagua Hashim ina mto ndani ya jengo, na dari lake limepakwa rangi ya mbingu isiyoingiwa na usiku. Kisha nikafungua ukurasa wa mahali pa kufungia ndoa. Wanauliza maua yawe ya rangi gani, kama tunataka picha, na kama hatuna shahidi watatupa wa kwao. Sikuona popote walipouliza ni nani anayenioza.

Nikaufunga ukurasa, nikaufungua tena. Mimi niliyekuwa nikibishana nawe kwamba msichana aliyesoma ana haja gani ya walii wa kumwoza, mdomo si anao mwenyewe? Wewe ulicheka tu ukaendelea kupiga pasi shati lako.

Mama Béa, Mkongomani ninayekaa naye meza moja, aliporudi kula aliniona. Nikamweleza.

"Weye uko na kinywa, Saada. Ambia shangazi, tante yako: non, hapana. Iko nguvu gani kusema vile?"

"Amenipokea huku, Mama Béa. Amenilaza kitandani mwake."

"Na sasa atakuoza sababu ya kitanda?"

Nikafungua dai la mgonjwa mwingine.

Nimejaribu. Jana nilisimama mlangoni mwa jiko, maneno nimeyapanga kichwani. Shangazi alikuwa amevua viatu, miguu imevimba kwa kuwainua wazee wa watu anaowauguza kutwa nzima. Akageuka akanitabasamia. "Umeshakata tiketi, mwanangu?" Nikasema mtandao ulikuwa umekatika. Ni mara ya pili kusema hivyo. Akasema nisihangaike, Jumatatu ijayo Hashim atazikata kwa rafiki yake.

Kaka, sikuombi ruhusa. Nakuomba ukatae. Hapana yangu haitoki, na hata ikitoka, katika nyumba hii ni utovu wa shukrani. Yako shangazi ataisikia, maana anajua baada ya baba hakuna mwingine wa kunioza, na bila wewe hiyo nikahi anayoiahidi haipo. Najua kibali kikiisha huenda nikarudi mikono mitupu, na mama ameshawaambia majirani mwanawe ni mtu wa ofisini Marekani. Hilo sijui nitalifanyaje. Naomba tu nisiolewe kwanza.

Nisalimie wifi na watoto, bibi jirani yetu wa vitumbua, na mwalimu wetu wa madrasa. Mama mshikie mkono kwa niaba yangu. Wote waambie nilipiga simu.

Ukitaka kunipata peke yangu, piga ofisini. Nambari iko nyuma ya picha yangu ya mahafali iliyo ukutani. Piga mara tu baada ya kufuturu, huku ni asubuhi na shangazi yuko kazini. Akipokea Mama Béa, mwambie unamtaka Saada, basi. Lakini Jumapili, mkitoka tarawehe, piga nyumbani. Atapokea shangazi. Mwamkie vizuri, muulize saumu. Asipokutajia safari, sema umeisikia kwa watu. Anajua habari za Laurel hufika Tanga kabla ya ndege. Kisha kataa, kwa ile sauti yako ya darasani. Akinipa simu, lirudie hilo hilo kwa nguvu, ili alisikie. Mimi nitakuwa kwenye kochi ubavuni mwake, na nitainamisha uso kama mtu aliyekatazwa jambo alilolitaka.

Mdogo wako,
Saada