Sura ya Kumi na Moja ya Kitabu Changu cha Nyota

Jumapili, baada ya kanisa. Baridi ya kiangazi bado imekaa juu ya Manika, mtaa wetu hapa Kolwezi, na vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya sahani. Nimevaa masweta mawili. Nyumba iko kimya, nasikia makaa yakipasuka kwenye mbabula, jiko langu.

Kitabu changu kiko mezani.

Naandika tena: kitabu changu. Kurasa mia mbili na kumi na nne, jalada la bluu, jina langu juu kwa herufi nene. Bado ni ile nakala moja ambayo mpiga chapa anakupa uitazame kabla hajatoa zote, lakini ukiishika ina uzito. Leo nilikwenda nayo kanisani nimeifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga, na wamama wakapokezana. Mke wa mchungaji aliinusa. Sisemi uongo, aliinusa kabisa.

"Mama Trésor, kweli weye njo uliandika? Haukukopia fasi, mu kitabu ya mwingine?" akaniuliza mmoja wa kwaya.

"Nilikopia mu kichwa yangu," nikamwambia, "na kichwa ya hivi Kolwezi yote iko moja tu."

Walicheka mpaka mashemasi wakatugeukia.

Kwa wale ambao hawajaingia kwenye blogi hii: kitabu kinasimulia habari za mchimbaji wa Kolwezi anayeitwa Ilunga. Shaba ya dunia imekwisha, basi kampuni inapeleka watu kuchimba kwenye nyota. Wanakwenda kwa treni. Ndiyo, treni, na inapanda kwa nguvu ya baridi, kwa sababu kadiri unavyokwenda juu baridi inaongezeka, na mashine inaila hiyo baridi kama kamyo ya mizigo inavyokula mafuta yake ya mazutu. Wachimbaji wanavaa ngozi ya pili iliyofumwa kwa nyuzi za shaba. Jua la kule ni dogo, la kijani, linatoka mara mbili kwa siku. Hesabu zote za saa nimezifanya mwenyewe, mimi niliyesoma miaka miwili tu ya sekondari, na mwalimu mmoja wa fizikia amezipitia akasema hakuna kosa. Haya, makosa mawili madogo. Nimeyarekebisha.

Ilunga ameacha mke na watoto wawili duniani. Redio ya kuongea nao ipo, lakini imekufa, vumbi la nyota limemeza sauti. Miaka inapita. Mwisho Ilunga anakufa akiokoa wenzake shimoni, na sauti yake haijafika nyumbani hata mara moja. Tata Jérémie, mpiga chapa wangu, ambaye kazi yake ni kadi za harusi na karatasi za matanga, alilia alipofika hapo. Mtu anayechapa matanga kila siku!

Njia ilikuwa ndefu. Niliandika kwenye madaftari ya shule, nyuma ya meza yangu ya maharagwe sokoni, mteja akija nafunika kwa gunia. Madaftari kumi na tisa. Moja lililowa mvua, lingine panya walilianza kabla ya wasomaji. Nilituma kwa wachapishaji Kinshasa. Mmoja tu alijibu, kwa Kifaransa kizuri, kwamba hadithi za nyota haziuziki na Kiswahili hakiuziki, kwa hiyo nilikuwa na makosa mawili ndani ya kitabu kimoja. Mzee mmoja wa kanisa alisema watu wanaoruka angani ni mambo ya uchawi. Nikamuuliza, "Tata, na ile ndege ya Kinshasa, iko mulozi anaiendesha?" Akavaa kofia yake akaenda zake.

Aliyenivusha ni Clarisse, kitinda mimba wangu, muuguzi kule Likasi, msichana ambaye wagonjwa wanamwomba kwa jina. Alisema, "Mama, acha kuomba bantu ruhusa. Tutakitosha shi benyewe." Yaani tukitoe sisi, bila mchapishaji. Miaka miwili, zamu zake zikiisha, aliingiza madaftari yote kwenye ordinateri, kompyuta yake. Kurasa kazipanga yeye, jalada kalichora yeye. Hata koma haiingii ndani ya kitabu hiki bila kupita mikononi mwake.

Hilo ndilo linalonitesa leo.

Ijumaa alikuja tusome nakala pamoja. Alijinyoosha kwenye kiti kirefu, miguu juu ya mapaja yangu kama zamani, akacheka, akasahihisha, akala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, mara mbili. Kisha akakwama kwenye sura ya kumi na moja.

"Mama, hapa njo mi sisadiki."

"Hausadiki nini? Treni inaruka, unasadiki!"

"Treni nasadiki. Lakini redio inakufa miaka yote na hakuna mutu wa kuitengeneza? Bantu ya Kolwezi? Mama, huku bafundi banatengenezaka redio na musumari na kijiko! Na huyu bibi yake, mama ya batoto, alikuwa anafanya nini? Hakwenda hata kuuliza?"

Alisema huku akicheka. Mimi niliyetetea kila ukurasa mbele ya mchungaji, mwalimu na mpiga chapa, nilishusha miguu yake mapajani mwangu. Nikasema ngoja nikatazame sombe jikoni. Tulikuwa tumeshaila.

Jana alirudi Likasi. Kesho asubuhi Tata Jérémie anangoja neno langu la mwisho ili aanzishe mashine, na kanisa limetangaza kwamba Jumapili ijayo nitafika na vitabu. Na mimi najua kwa nini redio ya kitabu changu haitengenezwi.

Mume wangu aliitwa Tshimanga. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, yeye mwenyewe hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Mimi ni mtu wa kaskazini ya Katanga. Kati yetu hilo halikuwa neno, mpaka ulipofika mwaka ambao lilikuwa neno kwa kila mtu. Kampuni ilikuwa inaanguka, mishahara haitoki, na watu wakaonyeshwa wa kumlaumu: mtu wa Kasai. Vijana walipita na makaa wakiandika alama kwenye milango ya watu hao. Majirani tulioazimana nao chumvi walikwenda kulala gare, stesheni, na magodoro yao, wiki baada ya wiki, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Wengine walizikwa kabla treni haijafika.

Tshimanga alinikataza kumfuata. "Baki na batoto," alisema, "weye habatakugusa. Nikipata fasi, nitakuita." Akapanda na sanduku la vyombo vyake vya ufundi, basi.

Trésor, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na miaka sita. Kila jioni aliuliza baba yuko wapi. Ningemwambia amefukuzwa, angesema shuleni, na shuleni wangejua watoto wangu ni wa nani. Nikamwambia amekwenda kuchimba shaba kwenye nyota. Nikamwonyesha nyota moja juu ya paa la jirani. Kesho yake akataka kujua kule wanakula nini. Kesho kutwa, wanaoga wapi.

Hivyo ndivyo kitabu kilivyoanza. Kanisani wakiniuliza nasema ni kipaji cha Mungu. Kilikuwa uongo niliompa mtoto ili asilitaje jina la baba yake.

Sasa ninafika mahali ambapo sijawahi kufika na mtu yeyote.

Miezi minne baadaye Tshimanga aliita. Wakati ule hakukuwa na simu mkononi. Kulikuwa na foni, ile redio ya kuitana mji kwa mji, katika chumba nyuma ya parokia moja hapa Manika. Mtu wa mbali anaacha siku na saa, wewe unapelekewa habari, unakwenda, unakaa kwenye benchi na wengine mpaka jina lako liitwe. Mmoja akimaliza husema À toi, zamu yako, ndipo mwingine ajibu. Mashine inapiga kelele, kwa hiyo benchi zima linasikia mambo yako nawe unasikia ya wenzako. Nilikwenda Jumatano, saa nne asubuhi, Clarisse mgongoni, alikuwa na miaka mitatu. Benchi lilijaa. Na mlangoni walikaa wawili kati ya wale vijana wa alama. Hawakuwa na mtu wa kuongea naye. Walikuja kusikiliza tu ni nani anaitwa kutoka Kasai.

Nikabaki nje, chini ya dirisha.

"Kolwezi, Kolwezi, hapa Mwene-Ditu. Mama Trésor eko?" Hiyo ilikuwa sauti ya mwenye foni wa kule Kasai. Halafu yeye. Sauti ilikuja imekauka kana kwamba imepita kwenye mchanga, lakini alikuwa yeye. "Mama Trésor, nilipata nyumba. Kuya huku na batoto. Unanisikia? À toi."

Nikajibana ukutani.

"Unanisikia? À toi."

Aliita mara tano. Clarisse aliinua kichwa mgongoni kwangu. Nikaanza kumtikisa kama mtu anayebembeleza mtoto, na wala hakuwa analia.

Sikuingia.

Aliweka miadi mingine miwili. Sikwenda. Mara ya kwanza niliogopa, na woga ule sioni haya kuutaja, kila mama aliyekuwa hapa mwaka ule atanielewa. Lakini mara ya pili na ya tatu vijana hawakuwapo tena pale mlangoni. Najua, kwa sababu kila mara nilipita siku moja kabla nikaona. Nilikuwa na meza yangu sokoni, mama yangu mzazi, kanisa langu, na Mwene-Ditu ni mimi ambaye ningekuwa mgeni. Nyota ilikuwa rahisi zaidi. Mtu aliyeko kwenye nyota haombi umfuate.

Trésor alipofika miaka kumi akaanza kuuliza baba anarudi lini. Nikamwua Ilunga, jina nililompa baba katika hadithi, shimoni. Watoto walilia siku mbili, nikalia nao, huku nikijua kuna mtu yuko hai. Walipokua niliwapa nusu ya ukweli: baba alifukuzwa, hatukupata habari zake. Clarisse akiulizwa husema kwa wepesi, "Baba alipoteaka mu treni." Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliniambia amemwona Tshimanga kule Mwene-Ditu, nywele nyeupe, anatengeneza baiskeli. Nilimpimia maharagwe yake nikamtakia safari njema.

Nikiiacha sura ya kumi na moja ilivyo, Jumapili nitasifiwa, na baba wa Clarisse ataendelea kuwa mtu aliyepotea. Nikiirekebisha, ni binti yangu atakayeiingiza, neno kwa neno. Labda hatanisamehe. Na katika nyumba hii, sauti yake kwenye simu ndiyo sauti pekee niliyobaki nayo. Trésor yuko mbali, anapiga Krismasi na Pasaka.

Mchana nimekaa na kalamu. Katika kurasa mpya redio inafanya kazi. Mke wa Ilunga anasimama chini ya dirisha, mtoto mgongoni. Kurasa nne. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, hata leo siwezi kuacha kujisifu. Nimezipiga picha kwa simu, nimemtumia Clarisse, na chini nimeandika: *Hii haikutungwa. Baba yako aliita, mi sikuitika.*

Kisha nikampigia Tata Jérémie asimamishe mashine.

"Ah, Mama! Karatasi nilishaka kata! Na kanisa, utabaambia nini?"

"Nitabaambia kitabu hakiko tayari."

"Jana ulisema kiko tayari kuliko Biblia!"

"Jana nilikuwa najivuna, Tata."

Alama mbili za bluu chini ya ujumbe wangu. Amesoma. Nimesogeza kiti karibu na mbabula, nimeweka simu juu ya kitabu, na ninaitazama.

Haya niliyoandika leo yanabaki kwenye simu yangu. Sitayaweka kwenye blogi mpaka Clarisse mwenyewe anipe ruhusa, na akikataa, yatafutika.

Ijumaa, mchana. Amepiga. Siku tano.

Hakusalimia. Alisema sura ya kumi na moja ameshaiingiza, na kwamba nilisahau nukta mahali pawili. Alisema Trésor nimwambie mwenyewe, yeye hatanibebea huo mzigo. Nikasema ndiyo. Kuhusu maandishi haya alisema, "Weka. Bantu basome." Sauti yake haikuwa na hasira wala upole, ilikuwa sauti anayowasemesha wagonjwa asiowajua. Nilisikia magurudumu ya kitanda yakipita nyuma yake, mtu akiita daktari. Nikadhani amekata.

"Mama. Mwene-Ditu, kartie gani?"

Sijui mtaa anaokaa. Miaka yote hii sikuwahi kuuliza. Kesho asubuhi, kabla sijafungua meza ya maharagwe, ninaanza kwa kumwuliza yule mtu wa mahindi.