Nasaha za Mzee Bakili zimezama ziwani

Rukia, nimeishiwa nguvu. Harusi ya Tunu huku Kihagara, Flaviani mpiga video kadondosha kamera ziwani. ZIWANI!

Alivaa ile jaketi yake yenye mkono wa chuma unaobeba kamera isitikisike. Mwenzake Christopher alimwambia kabisa, "Kaza mkanda wa kiunoni, halafu sukuma kamera kwenye huo mkono mpaka usikie pini imelia."

Akajibu, "Imeingia, twende."

Haikuwa imeingia! Alipokanyaga tu mtumbwi amchukue bibi harusi akipanda, kamera ikachomoka. Watu wamezamia wee, wametoka mikono mitupu.

Na humo kwenye kamera ndimo zilimokuwa nasaha ambazo Mzee Bakili alikuwa ametoka kumpa bintiye Tunu. Unajua saratani ya koo ilivyomfanya. Wiki nzima alikuwa haongei, anaitunza sauti kwa ajili ya leo.

Flaviani akampigia magoti analia, "Baba, nisamehe."

Mzee hakumgombeza. Akamwonyesha kwa kidole atoe simu, arekodi upya. Rukia, alijaribu jamani. Midomo inacheza, sauti haitoki. Akajaribu tena. Haitoki!

Tunu akamshika mikono. "Basi, baba. Kila neno nililisikia."