Gari Ulilokuwa Ukilisubiri

Kaka Marwa,

Limetoka. Naanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ungenikatiza. Lile gari jipya la milango miwili, ulilokuwa ukituonyesha kwenye simu ukiwa umelala wodini, sasa wametoa toleo lake la mashindano. Na tangu litoke, mimi Bhoke sijatulia. Nafungua duka hapa Nyamisangura, napanga makava ya simu, nayapangua, nayapanga tena. Nashika simu, naiweka, naishika.

Kundi lako la wapenda magari limegawanyika. Baada ya mazishi waliandika "pumzika mura, kijana wetu", kisha wakanyamaza wote, picha ya kundi ikabaki wewe umeegemea pick-up yako. Nilidhani nalo limekufa. Sasa simu haipumui kwa ujumbe.

Chacha, rafiki yako wa gereji ya Turwa, anasema sasa ndiyo gari limepatikana. Wameondoa betri na mota ya umeme, wakaacha injini peke yake, na huo mlio anausikiliza siku nzima mpaka wateja wanamlalamikia. Binamu yetu Mwita, kule Isebania, hataki hata kusikia. Anasema wameliharibu, uzuri wote umezibwa na lile bawa kubwa la nyuma. Aliandika, "Hiyo bawa ni ya kuanikia omena." Nilicheka peke yangu dukani, nikageuka nikuonyeshe.

Bado nageuka, kaka.

Ubishi ukapanda, halafu wakaanza kukutumia wewe. Chacha akasema Marwa angelipenda. Mwita akajibu kwamba Marwa angelitemea mate. Kila mtu akawa na maneno yako mfukoni, na wengine hata hukuwa unapatana nao. Nikaandika kwa hasira, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Ningewaambia nini? Mimi mwenyewe sijui ungesema nini. Ninachokumbuka ni ile safari ya Issenye, tulipokuwa tunapeleka vipuri vya bodaboda. Ng'ombe wakafunga njia, ukazima injini, ukaanza kunieleza magari ya mashindano, na ulipomaliza, ng'ombe walikuwa wamepita zamani na mtu wa bodaboda anatupigia honi kwa nyuma. Sikuelewa hata nusu. Nilipenda tu kukuona umechangamka vile.

Sasa sikia kilichotokea.

Mama alikuwa amekuja kutoka Turwa kuniletea viazi vitamu, akakaa kwenye benchi la wateja. Unajua, tangu tukuzike hakuwahi kutaja jina lako. Ukitajwa, anainuka anaenda kutafuta kazi nje. Sisi tukaacha kukutaja, nyumba ikawa kama haijawahi kuwa na wewe. Basi Chacha, kwa kutaka kushinda ubishi, akachimba huko nyuma akarusha kwenye kundi sauti yako ya zamani. Nikabonyeza bila kuangalia. Sauti ya simu ilikuwa juu kabisa.

Ukajaa duka zima. "Jamani, subirini ya mashindano. Hii ya barabarani imevaa suti ya harusi. Subirini ivue suti ndipo mjue kama ina nguvu." Kisha ukacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Mama alisimama. Nilijua anatoka. Nikabaki naminya simu bila kujua nazima wapi.

Akasema, "Irudishe."

Nikairudisha. Akaisikiliza mpaka kile kikohozi cha mwisho, akakaa. Hakulia. Akaniuliza, "Anasubiri nini?" Hivyo hivyo, kama mtu aliyepo. Nikamwonyesha gari. Aliliangalia sana, akaipanua picha kwa vidole, akachungulia ndani penye yale mabomba ya kumkinga dereva.

"Kiti cha mwenzake kiko wapi?"

Nikamweleza kwamba haya ya mashindano dereva hukaa peke yake, viti vingine huondolewa ili liwe jepesi.

"Basi mimi siipendi," akasema. "Marwa hakuwa mtu wa kwenda peke yake."

Jina lako, kaka. Lilitoka kinywani mwake kwa sauti ya kawaida, kama anaagiza chumvi.

Nikaandika kwenye kundi kwamba Mama ameliona, na nikaweka sababu yake. Mwisho Mwita akaandika kwamba Mama amemaliza maneno. Chacha akaomba nimpe Mama shikamoo yake, kisha nimuulize na lile bawa analionaje.

Baada ya hapo Mama akawa anakuja kila asubuhi. Simu yake ya vitufe haiwezi kuweka sauti ile, kwa hiyo anatembea toka Turwa, anakaa, anasema, "Niwekee." Namwekea. Mimi natoka nje nasimama juani mpaka uishe kusema. Sikuweza kukusikiliza. Na niliogopa, kaka. Niliogopa kwamba sijui nampa dawa au natonesha kidonda. Niliogopa simu kuibwa. Niliogopa siku ambayo hatakuja, na niliogopa pia kwamba atakuja daima.

Jana alikuja kama kawaida. Nikawa nimeshaishika simu, akaniambia niiache.

Akauliza, "Yule wa Isebania bado anabisha?"

Nikamwambia anabisha, tena leo amevuka mpaka kwa maneno.

"Mwambie aje Jumapili. Na huyo Chacha aje. Wabishane huku wanakula."

Akaondoka bila kukusikiliza. Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Alikuwa anatembea haraka, kama mtu mwenye wageni.

Kwa hiyo Jumapili watajaa kwako, nyumbani kwa Mama, na watalitazama kwenye runinga likikimbia mashindano yake ya kwanza. Nami nikuahidi jambo moja. Mimi gari hili nimelipenda, pamoja na bawa lake na kiti chake kimoja. Sijui kama ungekubaliana nami. Nitasema hivyo mbele yao wote, mbele ya Mama, kwa mdomo wangu mimi, bila kulisingizia jina lako.

Lala salama, kaka yangu. Ngoja nifunge duka nikatafute kuku, Mama amesema wawe wawili na wasiwe wadogo.

Mdogo wako,
Bhoke