Mtoto Alikusomea Nini?

Butembo, Alhamisi. Asubuhi ukungu, kisha mvua nyembamba hadi saa nne.

Mpendwa Koko,

Tangu tukuzike, mama ananiambia nikuache upumzike. Lakini leo kuna jambo ambalo wewe, bibi yangu na mwalimu wangu wa kwanza, ungelielewa bila maelezo marefu.

Unakumbuka jioni zetu kule Beni, nilipoishi kwako? Tulikuwa tukichambua maharage mlangoni, na wazazi waliotoka shambani hawakupita bila kusimama. Kila mwanafunzi wako wa mwaka wa pili alipeleka ukurasa nyumbani akamsomee mtu mzima, na mtu mzima ndiye aliyekuletea jibu. Uliwauliza jembe likiwa bado begani: "Mutoto alikusomea nini?" Baba mmoja alijaribu kukudanganya. Alisema hadithi ilikuwa nzuri sana, basi. Ukacheka: "Papa, ulisinzia! Leo akusomee tena." Kesho yake akarudi, akasimulia yote mpaka jina la ng'ombe. Wengi wao hawakujua kusoma, na mbele yako sikuwahi kuwaona wakiona haya. Mimi nililalamika tu kwamba bugali inachelewa.

Sasa nina darasa langu, mwaka wa pili, hapa Butembo. Yumo msichana anayeitwa Kavira. Walikimbia kijiji chao upande wa Beni, na sasa anaishi kwa shangazi yake anayeuza samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge na ambaye hajui kusoma. Tangu aje hajatamka neno darasani. Nikimpa kitabu anakishika vizuri, anafuata mistari kwa macho, midomo imefungwa. Juzi mkurugenzi wa shule alinisimamisha mlangoni.

"Madame, huyu mutoto hajue kusoma. Kama hapana soma mbele ya Ijumaa, arudi première, mwaka wa kwanza. Ni kumusaidia."

Jana nilimpa Kavira ukurasa, nikamwambia akamsomee shangazi. Usiku kucha niliwaza kama nimemwonea.

Leo, mvua ilipokatika, shangazi akaingia na beseni lake kichwani, darasa zima likanuka samaki. Hata salamu hakutoa.

"Madame, ile mbuzi ni mujinga kabisa! Inaona fisi, lakini inaenda kumusalimia!"

"Nani alikuambia, mama?"

"Si Kavira? Alinisomea mara mbili. Nilimukatalia, nikasema haiwezekane, soma tena. Ni vile vile!"

Watoto wakaangua kicheko. Kavira akaficha uso mikononi, lakini mabega yake nayo yalicheka.

Nikampeleka shangazi ofisini, beseni na yote. Akasimulia upya, safari hii akiigiza na sauti ya mbuzi. Mkurugenzi alijikaza asicheke, mwishowe akauliza kama yule fisi alikamatwa.

"Hapana bado," shangazi akamjibu. "Tunangoja ukurasa ingine."

"Bon," akasema. "Mutoto abaki mu deuxième."

Asante, Koko. Bila wewe nisingejua la kufanya. Kavira mwenyewe bado hajaniambia neno, na simharakishi. Ila kengele ilipolia alibaki nyuma ya wenzake, akasimama mbele ya meza yangu, akanyoosha mkono apewe ukurasa wa pili.

Lala salama. Mimi nazima taa sasa, saa nne na nusu.

Mjukuu wako